Jumatatu ya Nani? Shajara ya Kichanganuzi Changu

4 Mei

Shajara hii imeanza kwa aibu, na nisipoieleza aibu yenyewe mradi hautaeleweka.

Mimi ni mtafsiri. Zamani nilifundisha Kiingereza sekondari, ndiyo maana watu bado wananiita mwalimu, lakini kinachoniweka mjini sasa ni ripoti: mihtasari ya vikao, taarifa za miradi ya maji, barua za wakandarasi. Zinakuja kwa Kiingereza, nazitoa kwa Kiswahili, zinabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kazi naifanyia hapa Nkuhungu, Dodoma, meza moja, kompyuta moja na feni inayolalamika.

Mwezi uliopita ripoti ya kisima kirefu cha kijiji kimoja wilayani Chamwino ilikuwa na sentensi hii: "The engineer said on Monday the pump would be installed." Nikaandika: Mhandisi alisema pampu itafungwa Jumatatu. Sikusita hata kidogo. Karatasi ikabandikwa. Jumatatu ilipofika akina mama waliacha uwele shambani wakapanga madumu kisimani tangu alfajiri, na mmoja alikuja na mkokoteni wa punda. Saa sita hakuna gari. Saa tisa hakuna gari. Saa kumi mwenyekiti wa kijiji akanipigia.

"Mwalimu, hii Jumatatu umeitoa wapi?"

Nikamtafuta aliyeandika ripoti. Kumbe mhandisi aliongea siku ya Jumatatu, wiki iliyotangulia. Siku ya kufunga pampu hakuitaja kabisa. Jumatatu ilikuwa ya "alisema", mimi nikaichukua nikaivisha "itafungwa". Nilimrudia mwenyekiti kwa simu: samahani mzee, kosa ni langu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sawa. Ila huku wanasema mwongo ni mimi."

Sentensi ile ina miti miwili ndani yake, yaani namna mbili za kuyaunganisha maneno yake, na mimi niliuona mmoja tu. Nataka programu itakayoniamsha pale ninapoona mmoja.

7 Mei

Nia kwa maneno machache: napachika sentensi ya Kiingereza, programu inaivunja vishazi (vipande vyenye kitenzi chake), inanionyesha kipi kikuu, kipi tegemezi, kinategemea neno gani, na kila kauli imetoka kinywani mwa nani. Sitaki initafsirie. Mashine za kutafsiri zipo, na sentensi ya mhandisi niliipitisha kwenye mojawapo kwa udadisi. Ikanipa jibu moja lililonyooka, haikusita, kama mimi tu.

Nimeokota sentensi 120 kutoka kwenye kazi zangu za nyuma, nikabadilisha majina ya watu na vijiji. Kila moja nimeichanganua kwanza kwa mkono kwenye kaunta buku, kwa njia ya matawi, vile tulivyokuwa tukifanya kwenye somo la Kiswahili: S ya sentensi juu, kishazi kikuu, kishazi tegemezi, mistari inashuka hadi kwenye maneno yenyewe. Hiyo kaunta buku ndiyo mizani. Programu ikisema tofauti na daftari, mmoja wetu amekosea, na ni lazima nijue ni nani.

Leo nimeandika sheria saba za mwanzo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Tafuta neno linalofungua kishazi (that, which, who, because, although, when, if), kata hapo, endelea. Kwa sentensi kumi za mwanzo nilijiona fundi.

12 Mei

Ufundi umeisha. Neno "that" limenikalisha chini.

Linafanya kazi nne na halivai sare. "That pump is new": kionyeshi, pampu ile. "He said that the pump is new": linafungua kauli, ndiyo kwamba yetu. "The pump that he bought": ni kirejeshi, pampu aliyoinunua. "It is not that old": linapima kiasi, si kuukuu kihivyo. Programu yangu ilikata sentensi zote nne pale pale, kama mchinjaji asiyejua kiungo kiko wapi. Kuna hata "He said that that pump was new", ambapo yamesimama mawili bega kwa bega na kila moja lina kazi yake. Programu ikatoa kishazi chenye neno moja.

Kiswahili hakinisumbui namna hiyo, na leo ndipo nimekishukuru kwa dhati. Kirejeshi chetu kimeshonwa ndani ya kitenzi na kinavaa ngeli ya mwenyewe: pampu ali-yo-inunua, tangi ali-lo-linunua, visima ali-vyo-vichimba. Ukiona -vyo- hutafuti mbali, unajua mwenyewe ni visima.

Kubaya zaidi ni pale "that" isipokuwepo kabisa. "He said the pump is new." "The pump he bought is new." Kiingereza kinaruhusu kuiondoa, na waandishi wa ripoti wanaiondoa kama vile wanalipia kila neno. Sheria yangu inatafuta mlango, na mlango haupo. Kuna ukuta tu na watu wamo ndani. Kati ya sentensi 120, zenye kauli ya mtu ambayo haikufunguliwa na neno lolote ni 34. Nimezihesabu mara mbili.

Sheria zangu saba nazizika leo bila matanga.

18 Mei

Nimehamia kwenye kichanganuzi kilichofunzwa na watu waliotangulia. Nimechukua Stanza, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2020. Ni bure. Modeli zake nimezishusha usiku wa manane kwa bando la usiku, maana mchana Bunge la bajeti likiwa mjini hata intaneti nayo inaonekana kupanda bei.

Inavyofanya kazi: haiandiki sheria za sarufi. Imesoma maelfu ya sentensi zilizochanganuliwa na binadamu, imejifunza neno gani huwa linamtegemea nani, na ikikutana na sentensi mpya inakisia. Matokeo yanatoka kwenye jedwali la safu 10, kila neno na mstari wake: namba yake, umbo lake, umbo lake la kamusi, aina yake, namba ya bwana wake (neno ambalo lenyewe linalitegemea), na jina la uhusiano. Majina hayo ni ya Universal Dependencies, mpango ambao matoleo yake ya kwanza ya data yalitoka mwaka 2015, na nia yake ni kwamba lugha zote zichanganuliwe kwa lebo zilezile.

Tofauti na matawi ya shuleni ni kubwa kuliko nilivyodhani. Shuleni tulianza na S, tukagawa kundi nomino na kundi tenzi, tukashuka. Hapa hakuna S. Mzizi wa mti kwa kawaida ni kitenzi kikuu, na maneno mengine yote yananing'inia kwake au kwa watoto wake. Kwenye "would be installed" bwana mkubwa ni "installed". "Would" na "be" ni wapambe wake tu.

Lebo ninazozihitaji ni chache, nazo nimezipa majina yangu ndani ya programu ili nisichanganyikiwe saa nane usiku. Ile ya ccomp nimeiita "kauli", kwa sababu mara nyingi ndiyo inayobeba kilichosemwa. Ile ya acl:relcl ni "kirejeshi". Ya advcl ni "mazingira": lini, kwa nini, kwa sharti gani. Halafu kuna parataxis, ambayo inatokea msemaji akichomekwa katikati: "The pump, the engineer said, would arrive." Hapo mti unapinduka. Mzizi unakuwa kuwasili, na mhandisi anayesema ananing'inia pembeni kama mtu aliyedandia daladala. Nimeandika mistari ya kumshusha na kumrudisha kiti cha mbele, maana mimi nataka aliyesema awe juu daima.

Sentensi ya kwanza iliyonifurahisha ni hii ya muhtasari wa kikao: "The secretary reported that the contractor, who had promised that the work would end in June, had asked for more time." Programu ikaitoa hivi:

katibu > alitaarifu
. . . . mkandarasi > ameomba muda
. . . . . . . . (huyo mkandarasi) > aliahidi
. . . . . . . . . . . . kazi > itakwisha Juni

Ngazi nne, na kila mtu amekaa kwenye ngazi yake. Nilimwita mke wangu aje aone. Akatazama, akasema vizuri, akauliza kama nimelipia luku.

21 Mei

Sikulipia luku.

1 Juni

"The pump delivered last week failed." Modeli imeniambia kitenzi kikuu ni "delivered": pampu ilileta. Ilileta nini? Halafu "failed" ikabaki inaelea haina kwao.

Kosa hili lina ukoo mkubwa. Thomas Bever, mwanasaikolojia wa lugha wa Marekani, mwaka 1970 alitoa mfano ambao kila mwanafunzi wa isimu huonyeshwa: "The horse raced past the barn fell." Mwingereza mwenyewe akiisoma mara ya kwanza anakwama kwenye neno la mwisho na inambidi arudi nyuma. Farasi aliyekimbizwa kupita ghala alianguka. Kiingereza kimeondoa "that was", na umbo la kitenzi cha kutendwa limefanana na la wakati uliopita, basi msomaji anachukua njia ya kwanza iliyo wazi.

Kwa Kiswahili ajali hiyo haipo. Pampu iliyoletwa wiki iliyopita imeharibika; hiyo -yo- imekwisha kukuonya kabla hujafika mbali.

Cha kushangaza ni kwamba modeli inapatia "The pump bought last week failed" na inakosea "delivered". Sijaandika sheria yoyote kwa hili. Nimeweka onyo tu: sentensi ikiwa na umbo la -ed karibu na nomino ya kwanza na kitenzi kingine kisicho na kiima mbele, pigia mstari mwekundu nisome mwenyewe.

8 Juni

Vitenzi vya kusema. Nilidhani hii itakuwa kazi ya jioni moja: andika orodha ya said, told, reported, explained, basi. Imechukua wiki.

Angalia hizi mbili:

"The engineer told the chairman to bring the pump."
"The engineer promised the chairman to bring the pump."

Maneno yamepangwa sawasawa, lebo zimetoka sawasawa, mti ni ule ule. Lakini kwenye ya kwanza anayetakiwa kubeba pampu ni mwenyekiti, na kwenye ya pili ni mhandisi. Mti hauwezi kukuambia hilo, maana limefichwa ndani ya kitenzi chenyewe. Basi kila kitenzi kwenye orodha yangu sasa kina kitambulisho: told, asked, ordered na advised mzigo wanamtwika aliyeambiwa, promised mzigo unabaki kwa msemaji. Kwa Kiswahili, alimwambia mwenyekiti alete pampu. Alimwahidi mwenyekiti kuwa ataleta pampu. Kiambishi a- kinaonekana kilekile mara mbili, lakini alete na ataleta zimeshasema kila kitu.

Halafu kuna msimamo wa anayeripoti. "Admitted" inakubali kwamba jambo lilitokea. "Claimed" inajitenga nalo. Paul na Carol Kiparsky walilichambua hili vizuri mwaka 1970: vipo vitenzi ambavyo hata ukivikanusha, kilichomo ndani ya kishazi kinabaki kuwa kweli. "He did not regret that he had left": hakujuta, lakini aliondoka. "He did not claim that he had left": hapo hatujui kama aliondoka. Nimegawa orodha kwa rangi tatu. Kijani ni alikiri, alijua, alijuta. Manjano ni alisema, alieleza, alitaarifu. Nyekundu ni alidai, kwa "claimed" na kwa "alleged" pia.

Nikiwa huru ningeandika eti. Mkandarasi anasema eti barabara ilimzuia. Neno moja, na msomaji ameshajua nimemwangalia mkandarasi kwa jicho gani. Haliingii kwenye ripoti rasmi, lakini kwenye programu rangi nyekundu nimeiita hivyo hivyo, "eti".

14 Juni

Nyakati. Hapa nimekaa, na nitakaa.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyefundisha kabla yangu na pengine aliwafundisha walionifundisha mimi. Jioni tunakaa nje na kashata. Nilipomweleza shida alisimama wima kama yuko ubaoni na kukariri jedwali: is inakuwa was, will inakuwa would, has inakuwa had, today inakuwa that day, tomorrow inakuwa the next day, here inakuwa there. Kauli halisi kwenda kauli taarifa. Vizazi vya wanafunzi wamelimeza jedwali hilo kwa ajili ya swali moja la mtihani.

"Sasa mwalimu," nikamwambia, "mimi nalitaka kinyumenyume."

Akaketi.

Kiswahili hakirudishi nyakati nyuma. Mtu akisema leo "nitakuja", kesho tunasema alisema atakuja. -ta- inabaki -ta-, kwa sababu tunasimama alipokuwa amesimama yeye. Kiingereza kinavuta kila kitu nyuma hadi aliposimama anayesimulia: "he said he would come". Kwa hiyo mtafsiri anayetoka Kiingereza lazima arudishe hatua moja mbele, na jedwali la mwalimu likigeuzwa linapaswa kumsaidia.

Linasaidia kwa "would" na hata hapo lina mtego. Nilijaribu sentensi ya historia ya mji wetu: "In 1973 TANU decided that the capital would move to Dodoma." Programu haitafsiri sentensi, ila nimeiwekea kiolezo cha kunipendekezea wakati wa kitenzi, na cha kwanza kiliitafsiri "would" kwa -nge-: TANU iliamua kwamba makao makuu yangehamia Dodoma. Jirani yangu akacheka hadi kashata ikamdondoka. Yangehamia maana yake hayakuhamia. Inayofaa ni "iliamua makao makuu yahamie Dodoma". Ingawa, mzee akaongeza akijifuta, ukihesabu kutoka 1973 hadi Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo 2016, kuna miaka 43 ambayo -nge- ilikuwa imekaa vizuri tu.

15 Juni

Kichwa kinauma kwa "was".

"The chairman said the road was bad." Barabara ni mbaya wakati anaongea, au ilikuwa mbaya zamani? Kwa kawaida ni ya kwanza: mwenyekiti alisema barabara ni mbaya. Ukiandika "ilikuwa mbaya", msomaji wa Chamwino anaelewa imeshatengenezwa, na kesho atalalamika kwamba haijatengenezwa.

Lakini: "The chairman said the pump broke in March." Hapa huwezi kuandika inaharibika. Iliharibika. Kwa nini "was" inarudi kuwa ni, na "broke" inabaki -li-?

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Jibu liko kwenye aina ya kitenzi. Kuwa, kujua, kutaka, kuishi, kuhitaji, kuwa na: hizi ni hali, zinaendelea tu, kwa hiyo zinaweza kuwa zinaendelea wakati mtu anaongea. Kuvunjika, kuanguka, kufika: haya ni matukio, yana mwanzo na mwisho, na kama mtu ameyasimulia kwa wakati uliopita basi yalishapita. Ndiyo sheria niliyoandika. Chini ya kitenzi cha kusema kilicho wakati uliopita, hali iwe ni au -na-, tukio liwe -li-. "Had" plus kitenzi iwe -li- au -me-, nichague mwenyewe.

Vighairi vimekuja mbio. "Was built" ina "was" lakini ni tukio. Bahati nzuri Stanza inaipa lebo ya kutendwa, kwa hiyo naikamata. "He said he lived in Kondoa in 1998" ni hali, ila mwaka umeifungia zamani: aliishi. Sheria ya pili basi: tarehe ikikaa ndani ya kishazi, -li-.

Hapo nikasimama, kwa sababu niligundua nimerudi nilikotoka. Ili kujua kama ni -na- au -li- nahitaji kujua tarehe ni ya kishazi kipi. Ni Jumatatu ileile.

20 Juni

Rafiki mwanasheria kaniletea kurasa mbili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama, watu wa kada yake wanatafuta watafsiri kama wanavyotafuta kivuli saa saba mchana. Kila fungu linaanza na "Where": "Where a person fails to pay the fee, the authority may..." Programu imeripoti mazingira ya mahali. Mahali ambapo mtu hajalipa! Ni endapo, si mahali. Nimeongeza mstari mmoja: "Where" mwanzoni mwa fungu la sheria, uliza kwanza kama ni sharti.

"If" nimeipa dakika ishirini. "Tell me if the pump stops": niambie kama imesimama, au ikisimama niambie? Sisi tunayo -ki- ya kutenganisha, Kiingereza hakina. Inawekewa alama.

24 Juni

Leo nimeirudia sentensi ya aibu. Nimeipachika kama ilivyo.

Stanza ikaning'iniza "Monday" kwenye "said". Imepatia! Nikafurahi, kisha nikabadilisha neno moja tu, "Monday" ikawa "Tuesday morning", na neno "installed" nikalifanya "brought". Jumanne ikahamia kwenye kuletwa. Sentensi ni ileile kwa mifupa, jibu jingine. Na mara zote mbili jedwali lilitoka safi, safu 10, bila alama yoyote kwamba kulikuwa na shaka. Haina namna ya kusema "sijui". Kila neno lazima liwe na bwana mmoja.

Nikaona kwamba muda wote huu nilikuwa nauliza swali visivyo. Nilikuwa naiuliza Jumatatu ni ya nani. Nilipaswa kuiuliza kama ina wagombea wawili.

Hiyo ni rahisi kuandika kuliko vyote nilivyoandika tangu Mei. Tafuta kitenzi cha kusema. Tafuta kitenzi cha ndani ya kauli. Kama neno la wakati au la mahali limekaa katikati yao na hakuna "that" ya kuwatenga, piga kengele. "Said on Monday that the pump" ni salama, siku iko upande wa kushoto wa ukuta. "Said that on Monday the pump" ni salama, iko upande wa kulia. "Said on Monday the pump" ndiyo yenye kengele. Siku ikikaa mwisho kabisa, "would be installed on Monday", mara nyingi ni ya kufunga. Naiweka alama ndogo tu, nukta.

Mistari 31 ya msimbo. Kwenye sentensi zangu 120, kengele imelia mara 9. Nimefungua tafsiri zangu za zamani za hizo 9. Mbili nilizikosea na hakuna aliyewahi kunipigia simu. Sijui nani alisubiri nini wapi.

2 Julai

Nimekwenda kijijini kwa bodaboda kutoka stendi ya Buigiri, vumbi hadi masikioni, upepo wa Julai unakata. Nilitaka kuwaonyesha. Pia nilikuwa na deni la kufika mwenyewe.

"Mbukwa," mwenyekiti akanisalimu kwa Kigogo, sauti ya kawaida kabisa, nami nikaitikia. Dada mtendaji akaleta viti. Nikatoa karatasi niliyochapa steshenari: sentensi ya Aprili kwa Kiswahili, na Jumatatu imeandikwa mara mbili kwa rangi nyekundu, kila moja na alama ya kuuliza. Mhandisi alisema *Jumatatu?* kwamba pampu itafungwa *Jumatatu?* Nikaeleza vizuri, kishazi kikuu, kishazi tegemezi.

Mzee akaishika karatasi mbali na macho, akaisoma taratibu.

"Mwalimu, nikibandika hii ubaoni, watu waje au wasije?"

Sikuwa na jibu, tena. Mtendaji akacheka chini chini. Kisha akasema kitu chenye faida kuliko wiki zangu zote: "Si ungemuuliza aliyeandika?"

Shaka haitakiwi kufika kwenye ubao, na hata kwangu isikae. Inatakiwa irudi ilikotoka, kwa Kiingereza, kabla sijatafsiri. Nilikuwa nimetengeneza king'ora na kukielekeza kwa watu wasio na ufunguo.

Walinipa ugali wa uwele na mlenda. Pampu ilikuwa imeshafungwa, Alhamisi moja ya mwezi Juni, bila tangazo lolote. Kwenye bomba kulikuwa na foleni ya madumu na mtoto mmoja anayekanyaga tope kwa makusudi.

9 Julai

Toleo la sasa: kengele ikilia, programu inaandika swali la Kiingereza la kumtumia mwandishi wa ripoti, lina machaguo mawili, ajibu A au B. A: alisema siku hiyo. B: litatokea siku hiyo. Waandishi wawili nimeshawatumia. Mmoja alijibu ndani ya saa moja. Mwingine alijibu "both", ambalo si jibu.

Jambo moja nimeamua kuliacha. "The engineer told the chairman that he would bring the pump." Nani ataleta? Kengele ilikuwa inalia kwa kila "he", ikawa kero, kama mbwa anayebwekea kila mpita njia. Mhandisi alimwambia mwenyekiti kwamba ataleta pampu: a- yetu ina utata uleule wa "he" yao, na msomaji wa Kiswahili ataamua kwa akili yake kama anavyoamua msomaji wa Kiingereza. Pale ambapo lugha zote mbili zinanyamaza kwa namna moja, programu nayo inanyamaza. Jirani yangu mstaafu hakubali. Anasema ni uvivu. Tumelibishania jioni mbili.

Bado: kauli ndani ya kauli ndani ya kauli, ambako rangi zinagongana. Mkandarasi alidai kwamba katibu alikiri kwamba... Nyekundu imeimeza kijani, na sijui kama iwe hivyo.

Leo saa moja usiku imeingia ripoti mpya, kijiji kingine. Mstari wa tatu: "The contractor said Friday he had told the committee he would return." Kengele imelia mara moja. Ijumaa alisema, au Ijumaa aliwaambia kamati? Ya kurudi haina siku kabisa, ingawa jicho langu lilishaanza kuivisha Ijumaa lenyewe. Swali nimelituma saa mbili kasoro. Ukurasa nimeuacha hapo hapo kwenye mstari wa tatu mpaka anijibu.